Kiti, Baridi na Kibofu

Mtihani wangu wa kwanza wa saa nyingi nilikuwa nimeusomea hasa, ila nikaangushwa na maji. Nilimaliza chupa nzima nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi, juu ya vikombe viwili vya kahawa nilivyokunywa nyumbani. Kufika sehemu ya tatu nasoma aya ileile mara nne, akili yote iko msalani. Nikajikaza. Maswali sita ya mwisho niliyabahatisha.

Basi wewe unayejiandaa kwa mara ya kwanza, anza na kibofu. Usijinyime maji, maana kiu nayo huumiza kichwa. Kunywa vizuri jana yake na asubuhi mapema, halafu saa ya mwisho lowanisha koo tu. Nenda msalani kabla ya kuitwa, hata kama hujisikii haja. Kahawa, kama hujaizoea, siku hiyo si ya kuijaribu. Na kama ni mnywaji wa kila siku usiiache ghafla, kichwa kitakugonga katikati ya hesabu; punguza kikombe.

Kanuni za mapumziko zisome mapema, kwa sababu mitihani haifanani. MCAT, ule wa kuingilia vyuo vya udaktari Marekani, unakula takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko yake: dakika 10, kisha 30 za kula, kisha 10 tena. IELTS, ule wa kupima Kiingereza, ni mfupi zaidi, lakini kusikiliza, kusoma na kuandika hufuatana bila kupumzika. Ipo pia mitihani ya kompyuta inayokuruhusu kutoka wakati wowote huku saa ikiendelea kuhesabu. Ukijua wako uko kundi gani, utajua unywe kiasi gani.

Baridi ya kiyoyozi wengi huidharau. Vaa fulana na sweta jepesi la kuvua na kuvaa, lisilo na kofia wala mifuko mingi, maana kila mfuko utakaguliwa. Viatu viwe vya zamani.

Kiti huwezi kukichagua, na hapa ndipo naona watu wanakosea zaidi. Wanafanya majaribio vipandevipande, dakika arobaini kitandani, mto mgongoni, halafu wanashangaa kiuno kinapowaka siku yenyewe. Walau mara mbili fanya jaribio zima, kwenye kiti kigumu, saa ileile ya mtihani, bila simu. Humo ndimo utakapogundua kwamba unakunja miguu mpaka inakufa ganzi, au unabana kalamu kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Kile ulichokula siku hiyo kikakutulia tumboni, ndicho ubebe kwa mapumziko.

Mimi nilijizoesha kila baada ya maswali kumi kushusha mabega, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote na kupepesa macho, kwani mtu akikodolea skrini hupepesa kidogo na macho hukauka. Kisha natazama mbali kidogo. Mbali maana yake ukutani, si kwenye skrini ya jirani!

Kiti kikiyumba au taa ikiakisi kwenye skrini, nyosha mkono umwambie msimamizi kabla hujabonyeza kuanza. Akikuhamisha wakati huo, hujapoteza hata dakika moja.