Novemba na watoto: nendeni Alentejo

Dada, umesema mnataka mashamba na utulivu Ulaya mwezi wa Novemba, na watoto wawili. Nendeni Alentejo, kusini mwa Ureno. Vijiji vya milima ya Alps wakati huo hoteli nyingi zimefunga zikisubiri theluji, ila Alentejo mchana bado kuna joto la nyuzi 15 hadi 18. Mvua ipo, bebeni makoti.

Shukieni Lisbon, kodini gari, ni kama kilomita 130 hadi Évora, mji wa Alentejo. Tafuteni nyumba ya shambani, na muulize kwanza kama ina jiko la kuni, maana usiku ni baridi kweli. Ni msimu wa kuvuna zeituni. Waonyesheni watoto mialoni ya vizibo, miti ambayo gome lake hutengenezwa vizibo vya chupa: shina limebanduliwa gome, jekundu, na limeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka gome lilipobanduliwa: 3 ni 2023, na gome halibanduliwi tena mpaka ipite miaka 9. Wangu walihesabu njia nzima!

Laleni walau usiku mmoja Monsaraz, kijiji cha kilimani kinachotazama ziwa la Alqueva. Nyota za pale, dada, watoto hawatataka kuingia ndani.