Kabla ya Kujichoma, Pima Ugali

Juzi kaniandikia kijana mmoja wa Ukerewe, mvuvi wa dagaa. Kisukari kimempata akiwa bado sekondari. Anajichoma uniti zile zile za insulini alizoandikiwa, kwa ugali ule ule, "lakini dada, wiki moja sukari iko 16, wiki nyingine inashuka mpaka natetemeka mtumbwini. Nifanyeje?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu: wiki hiyo ya kutetemeka, mbalamwezi ilikuwepo? Haikuwepo. Tuliokulia ziwani tunajua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, na mwezi ukishakuwa mkubwa watu wanakaa nchi kavu wanatengeneza nyavu. Sasa usiku wa giza anavuta nyavu mpaka alfajiri, na misuli inayofanya kazi inachukua sukari kwenye damu huku insulini nayo inaishusha. Usiku wa mbalamwezi amelala. Utategemeaje dozi moja imtoshe siku zote? Nimemwambia aandike daftari mwezi mzima: amekula nini, amechoma ngapi, ameingia ziwani au hakuingia, sukari ngapi. Daftari alipeleke kliniki wampangie dozi ya usiku wa kazi. Namba sikumpa, na wewe usiniombe.

Nilijisikia vizuri, sifichi. Mimi pia ni wa sindano, na mwezi huu huu nimepata majibu ya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu: asilimia 6.9. Nilianzia 11.4, na kuna watu ningependa wayaone.

Mimi naoka keki za oda, Nyakato hapa Mwanza. Ndiyo, mwenye sukari anaoka keki, mmeshacheka, tuendelee. Kliniki niliyokuwa nahudhuria zamani nesi alisoma namba zangu kwa sauti, akageukia foleni: "Huyu anaoka keki, mnategemea nini?" Watu wakaangua kicheko. Keki zangu sionji, hata krimu ananionjea mdogo wangu. Nilikuwa nakula ugali na dagaa, "kwa kiasi", kama nilivyoelekezwa. Kiasi ndiyo nini? Saizi ya ngumi? Ngumi ya nani, yangu au ya mpakua mizigo wa pale soko la Mwaloni? Nikiikumbuka foleni ile mpaka leo masikio yanapata moto.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana wa sehemu nyingine. Alichukua karatasi akaniambia: dagaa, sangara, sato, nyama, hivyo havina wanga wa kuhesabu. Kinachopandisha sukari baada ya kula, kwa sehemu kubwa, ni wanga: ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo, chapati, na soda ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37. Halafu akajumlisha insulini yangu yote ya siku, uniti 45. Kwa insulini ya kawaida ya maji, ile angavu ya kuchoma kabla ya kula, huwa wanachukua 450 wanagawa kwa jumla hiyo, kwa zile mpya zinazofanya kazi haraka zaidi wanachukua 500. Yangu ikatoka 10, yaani uniti moja kwa kila gramu 10 za wanga. Ni makadirio ya kuanzia tu. Unapima kabla ya kula, unapima saa chache baadaye, daktari anarekebisha.

Nikarudi nyumbani kwenye mizani yangu ya keki. Nilipima kwanza sufuria tupu nikaandika ukutani kwa penseli. Nikapima unga wa sembe gramu 500. Gramu 100 za unga zina wanga kama gramu 75, kwa hiyo humo ndani mna 375. Nikasonga, ukaiva, nikarudisha sufuria kwenye mizani na ugali wake, nikatoa uzito wa sufuria: ugali mtupu kilo 1.4. Gawa. Kila gramu 100 za ugali wangu zina wanga kama gramu 27. Kisha nikakata kipande changu cha kila siku, ambacho hata mume wangu alikuwa anasema ni kidogo. Gramu 380! Hiyo ni wanga zaidi ya gramu 100, na mimi nimeandikiwa uniti 6.

Nilikaa jikoni nikalia, halafu nikacheka. Sikurukia uniti 10. Nilishusha kipande mpaka gramu 250, wanga kama 67, na daktari akaafiki uniti 7. Ugali wako ukiwa laini zaidi ya wangu, maji ni mengi, hesabu itakuwa nyingine. Ndiyo maana nakwambia pima wa kwako, hata ukiazima mizani dukani.

Kazi ilikuwa ukweni, huko Misungwi, kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Kiazi kitamu kibichi gramu 100 kina wanga kama 20. Kikikatwa na kuanikwa maji yanatoka, wanga unabaki, na uzito ule ule wa michembe mikavu unabeba karibu mara nne. Kwa hiyo yangu napima ikiwa mikavu, kabla ya kuchemshwa. Shangazi wa mume wangu alinikuta: "Mke gani huyu anawapimia watu chakula?" Nikamjibu, "Napima changu tu, shangazi." Ukoo mzima ukaambiwa mimi bahili. Mwaka huu naye kakutwa na sukari, yeye ni wa vidonge, na mizani kaja kuiazima. Nimempa. Sikusema neno, ila nilitabasamu.

Wengi wenu mnatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya maziwamaziwa, asubuhi na jioni. Hiyo haibadilishwi kila sahani. Dozi imeshakaa, chakula ndicho kiifuate: wanga kiasi kile kile, saa zile zile. Wenye insulini ya maji, chomeni nusu saa kabla ya kula, msichome tena baada ya saa mbili eti haijashuka. Ile ya kwanza bado inafanya kazi, na zikikutana mtaokotwa barazani.

Na mnaoniandikia kuhusu mizizi na vumbi la kulamba ili muache sindano, nisikilizeni. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa Toronto alipokuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini akiwa na miaka 14, watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini, walinyimwa chakula ili waishi miezi michache zaidi. Leo dawa ipo, wewe unataka kurudi kule? Muogope Mungu.

Mwisho, tembea na glukosi, au sukari kwenye kikaratasi. Ukitetemeka, jasho, ukipima chini ya 4, kula gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Usikimbilie keki, mafuta yake yanaichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Nasema mimi ninayeziuza.