OLED, QLED au LED ya kawaida? Angalia sebule yako kwanza

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anataka TV ya inchi 55, kila duka analoingia Kariakoo wanampa jina lao, huyu OLED yule QLED, kachanganyikiwa. Dada yangu, haya mimi nimeyapitia, na kuna maneno niliambiwa mpaka leo yananiuma, kwa hiyo vumilia nikuelezee.

Wakati nanunua yangu muuzaji aliishikia bango QLED, maelezo meengi, nikamuuliza tu hii taa yake iko wapi, akanyamaza. Jamani, QLED ni LCD, na LED nayo ni LCD. Zote kioo hakijiwakii chenyewe, kuna taa za LED nyuma au pembeni zinakimulika, QLED imeongezewa tabaka la vichembe vidogo sana vinavyofanya nyekundu na kijani ziwe safi, ndo maana rangi inakolea. OLED ndo kitu kingine kabisa, kila nukta inajiwakia na kujizima yenyewe, nyeusi inakuwa nyeusi kweli, ule ukungu wa kijivu kwenye muvi za usiku huuoni.

Sasa sebule yangu hapa Kimara dirisha kubwa linatazama magharibi, jioni muda wa mechi jua lote liko ndani. TV inawaka asubuhi mpaka usiku, nembo ya chaneli imekaa kona ile ile, na OLED ukiiachia kitu kimesimama sehemu moja miezi na miezi inaweza kubaki na alama isiyofutika. Halafu siku ya Simba na Yanga nyumba inajaa, wengine wanakaa mpaka kiti cha mlangoni. Hapo ndo paneli, yaani aina ya kioo cha hizi LCD, inapohusika: ile inayoitwa VA nyeusi yake nzuri ila ukikaa pembeni rangi inakufa, ile inayoitwa IPS nyeusi yake hafifu ila pembeni unaona vizuri. Dukani nilisogea mpaka ubavuni, ile ya VA majani ya uwanja yakapauka kama kanga iliyofuliwa sana, ya jirani yake ya IPS yakabaki kijani. Nikachukua hiyo, LED ya kawaida.

Shemeji yangu akaja akasema mbele ya wageni eti nimenunua TV ya kizamani kwa ubahili. Iliniuma na sifichi. Ila derby iliyofuata yeye ndo alikaa kile kiti cha mlangoni, dakika zote 90, na hakuomba kuhama.

Ndugu zangu, acheni kununua herufi za kwenye boksi. Tunapenda sana kuonekana, mtu yuko tayari akope ili wageni wasome jina la TV ukutani, wakati picha yenyewe haioni vizuri mchana. Kama chumba chako kina giza, mnaangalia muvi usiku wawili watatu na hela ipo, chukua OLED usisite. Sebule ya mwanga na watu wengi, LED au QLED inayoonekana vizuri pembeni. Narudia, chumba kwanza.

Ukifika dukani mwambie muuzaji aitoe TV kwenye ule mpangilio wa picha wa dukani, maana wanapandisha mwanga na rangi mpaka mwisho. Nenda na flashi yenye kipande cha mpira na kipande cha muvi ya usiku, tazama ukiwa mbele, kisha nenda ubavuni. Akikataa kukuwekea, toka, duka la pili lipo hapo hapo.