Aanze Mwenye Mamlaka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mfanyakazi na bosi wake wanapokosana, nani aanze kutafuta suluhu? Jibu langu ni kwamba aanze bosi, hata pale anapoamini kwa dhati kwamba hana kosa.

Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba mabosi ndio wakosaji siku zote, kwani wapo pia wafanyakazi wazembe na wanaomjibu msimamizi wao kwa ufedhuli. Lakini anayepanga zamu, anayeidhinisha likizo na anayejaza fomu ya tathmini ni mmoja tu kati ya hao wawili, na mwenzake analijua hilo kabla hajafungua kinywa. Bosi akitangaza kwamba mwenye tatizo aje amweleze, kisha akaketi kungoja, atangoja sana.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikwishaliona jambo hili. Pendekezo lake Na. 130 la mwaka 1967 linataka mfanyakazi aweze kuwasilisha malalamiko bila kudhurika kwa sababu ya kuyatoa, na kwamba juhudi za kuyamaliza zianzie palepale kazini. Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 nao unataka mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri aitoe nafasi hiyo. Mimi naongeza kwamba utetezi huo ni kiini macho iwapo barua ya kumwachisha imekwisha kuandikwa na kikao kimeitishwa ili isomwe tu.

Bosi anayeanza amwite mwenzake faragha na ataje tukio, asihukumu tabia. Kauli kwamba ripoti ya Ijumaa haikufika inajibika. Kumwita mtu mzembe ni tusi, na tusi huzaa tusi. Kisha aulize haja iliyo nyuma ya msimamo wa mwenzake. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika kuhusu uongozi kazini katika miaka ya 1920, alieleza jinsi yeye na msomaji mwingine walivyotofautiana maktabani, huyo akitaka dirisha lifunguliwe na Follett akitaka lifungwe. Walifungua dirisha la chumba cha pili, kwa kuwa mmoja alihitaji hewa na mwingine hakutaka upepo umpige, na hakuna aliyeshindwa. Vivyo hivyo, anayekataa saa za ziada huenda hakatai kazi yenyewe bali kuarifiwa jioni ileile, wakati watoto wanamngoja nyumbani. Akiarifiwa siku mbili kabla, huenda ugomvi ukaisha bila barua ya onyo.

Yapo mashauri ambayo bosi hapaswi kuyasikiliza mwenyewe, hasa anapotuhumiwa kwa unyanyasaji au kudai rushwa ya ngono. Hapo yeye ni mlalamikiwa, na mlalamikiwa hawi hakimu. Shauri liende kwa mkubwa wake au kwa msuluhishi wa nje, na mlalamikaji aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake anayemwamini.

Lolote litakaloafikiwa liandikwe siku hiyohiyo, wote wawili watie saini na kila mmoja abaki na nakala, kwa sababu msimamizi anaweza kuhamishwa wakati wowote, na atakayeshika nafasi yake hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichoahidiwa.