Maswali Yenu: Nani kamkopesha nani nyavu?

Barua za akili mnemba zimetuzidia mwezi huu, na nyingi haziulizi habari za kompyuta. Zinauliza habari za fedha. Tumechukua tano.

Ndugu wahariri, nasikia Microsoft ana mkono OpenAI, Amazon ana mkono Anthropic, na Google naye yumo humo humo Anthropic huku ana maabara yake. Hawa wanashindana kweli, au ni mtu mmoja kavaa kofia nne?
*Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba*

Wanashindana kweli. Ila ushindani wao una mikopo ndani yake, na mtu wa Kirumba ataielewa haraka kuliko mtu wa benki.

Tajiri wa mtumbwi akikosa nyavu, injini na petroli, wakala wa kiwanda humpa. Sharti huwa moja: sangara wote wapimwe kwenye mizani ya wakala. Wakala hakununua mtumbwi, amenunua njia ya samaki. Maabara ya akili mnemba, kama OpenAI yenye ChatGPT na Anthropic yenye Claude, nayo haishindwi na mawazo, inashindwa na kompyuta. Kufundisha modeli kubwa, yaani ile programu inayojifunza lugha na kujibu maswali, kunataka maelfu ya chipu ghali zikifanya kazi usiku na mchana kwa wiki au miezi, na wenye vituo vya data vya ukubwa huo ni wachache: Microsoft, Amazon, Google, Oracle na wengine wa kuhesabika. Kwa hiyo mwenye kutoa mtaji mara nyingi ndiye mwenye kukodisha kompyuta. Fedha zinatoka mfuko wa kushoto na sehemu yake inarudi mfuko wa kulia.

Microsoft iliweka dola bilioni 1 kwenye OpenAI Julai 2019, na OpenAI ikafungwa kwenye kompyuta za Microsoft. Januari 2023 iliongeza mtaji mwingine, unaotajwa kuwa kama bilioni 10. OpenAI ilipopangwa upya Oktoba 2025, Microsoft ilibaki na takriban asilimia 27, ikaachia haki yake ya kuulizwa kwanza kila OpenAI inapotafuta kompyuta. Lakini haikuiachia bure: OpenAI iliahidi kununua huduma zake za kompyuta za dola bilioni 250. Wakala kalegeza kamba, mizani hajaondoa.

Anthropic ni mtumbwi wenye mawakala zaidi ya mmoja. Amazon iliweka bilioni 4, malipo yakakamilika Machi 2024, kisha Novemba mwaka huo ikatangaza bilioni 4 nyingine. Anthropic nayo inafundisha modeli zake kwa chipu za Amazon zinazoitwa Trainium. Google pia ina hisa humo, na Oktoba 2025 ilikubali kuipatia Anthropic hadi chipu milioni moja za aina yake, TPU. Unaweza kushangaa Google kumpa nyavu mvuvi anayeshindana na modeli yake ya Gemini. Hesabu yake ni hii: chipu iliyokaa bila kazi inapoteza thamani kila mwezi, na mshindani akishinda, mwenye hisa hapati hasara yote. Kwa Anthropic, kuwa na mawakala zaidi ya mmoja ni nguvu ya kujadili bei. Hasara ni kwamba wahandisi wanalazimika kuandaa kazi kwa aina zaidi ya moja ya chipu, na kazi hiyo si ndogo.

Kisha yupo mfuma nyavu mwenyewe, Nvidia, mtengeneza chipu. Septemba 2025 yeye na OpenAI walitangaza kusudio la Nvidia kuwekeza hadi dola bilioni 100, kwa awamu, kadiri mitambo ya Nvidia yenye kula umeme wa gigawati 10, yaani megawati 10,000, itakavyofungwa. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115; mitambo hiyo ingetaka karibu mabwawa matano. Mwezi uliofuata AMD, mshindani wa Nvidia kwenye chipu, ikageuza mkataba kichwa chini miguu juu: OpenAI ikinunua chipu zake hadi gigawati 6, inapewa haki ya kupata hadi hisa milioni 160 za AMD kwa bei ya karibu na bure. Muuza nyavu anamgawia mvuvi sehemu ya duka ili asihame.

Hapa ndipo hatari ilipo. Muuzaji anayemkopesha mnunuzi wake huonyesha mauzo makubwa kwenye vitabu, kumbe sehemu ya mauzo ni fedha yake mwenyewe iliyozunguka. Samaki wakiadimika, mkopo na mauzo vinaanguka siku moja. Ukisoma habari ya uwekezaji wa namna hii, tafuta kwanza neno “hadi”. Bilioni 100 na “hadi bilioni 100” ni vitu viwili tofauti. Baada ya hapo uliza kama ni fedha taslimu au ni haki ya kutumia kompyuta, na kama kuna sharti la kununua kwa mtoaji.

Kampuni ikisemwa ina thamani ya dola bilioni 157, hizo fedha ziko wapi?
*Mwanafunzi wa uhasibu, Nyegezi*

Hazipo popote. Oktoba 2024 OpenAI ilipokea bilioni 6.6, na thamani ya kampuni nzima baada ya fedha hizo kuingia ikahesabiwa bilioni 157. Gawanya 6.6 kwa 157: wawekezaji wapya walilipa bei ya takriban asilimia 4.2 ya kampuni, kisha bei hiyo ikatandazwa juu ya hisa zote. Anthropic Septemba 2025 ilipokea bilioni 13 kwa thamani ya bilioni 183, yaani kama asilimia 7.1. Kosa la wanafunzi wengi ni kujumlisha 13 na 183. Thamani iliyotangazwa ilikuwa tayari na zile 13 ndani yake.

Thamani ya kweli huonekana hisa zinapouzwa. FTX, soko la sarafu za kidijitali lililofilisika Novemba 2022, lilikuwa limeweka takriban dola milioni 500 kwenye Anthropic. Mwaka 2024 wasimamizi wa mufilisi waliziuza hisa hizo kwa jumla ya kama bilioni 1.3, zikaingia kwenye kapu la kuwalipa wadai. Uwekezaji ulikuwa mzuri, mwekezaji ndiye aliyeoza.

Kuna kundi la WhatsApp wanauza “hisa za OpenAI” kwa shilingi 200,000, wanasema zitapanda mara tatu kwa miezi miwili. Nifanyeje, maana shemeji yangu ameshatuma?
*Mama wa duka, Ilemela*

Usitume, dada yetu. Hadi mwisho wa 2025 OpenAI na Anthropic hazikuwa kwenye soko lolote la hisa. Zilizo sokoni Marekani ni wenye kuwakopesha: Microsoft, Amazon, Nvidia, na Alphabet ambayo ndiyo mama wa Google. Anayeuza hisa Tanzania anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwombe namba ya leseni, kisha uihakiki kwa mamlaka kwa mawasiliano uliyoyatafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Akitaka malipo yaende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, huhitaji uchunguzi mwingine.

Shemeji apige simu leo hii kwa kampuni ya mtandao wake aombe muamala uzuiwe. Saa za mwanzo ndizo zenye tumaini, kabla fedha hazijatolewa kwa wakala. Atume namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha aende polisi na ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo. Asijitoe kwenye kundi kabla hajapiga picha hizo. Na atakayempigia akidai kumrudishia fedha kwa “ada ya kufungua akaunti”, huyo ni tapeli yule yule amerudi kwa mlango wa nyuma.

DeepSeek ya China ilitengenezwa kwa dola milioni 5.6 tu. Je, Wamarekani wanatupa fedha?
*Mwalimu, Ukerewe*

Namba ni ya kweli, ila jibu lake ni la swali jingine. Ni ya modeli ya V3, iliyotoka Desemba 2024. DeepSeek walihesabu saa milioni 2.788 za chipu za H800 za Nvidia, wakazidisha kwa bei ya kukodi ya dola 2 kwa saa, ikaja milioni 5.576. Wenyewe waliandika kwamba utafiti na majaribio ya awali hayamo. Mishahara haimo, wala bei ya chipu zenyewe, 2,048 zilizotumika. Ni sawa na kutaja petroli ya safari moja kutoka Nansio, bila mtumbwi, bila injini, bila safari zilizorudi tupu. Kuipandisha V3 kuwa R1, ile iliyovuma Januari 2025, kuligharimu dola 294,000 nyingine kwa hesabu za aina hiyo hiyo.

Hata hivyo ufundi wao si wa kubezwa. H800 ni chipu iliyopunguzwa kasi ya kuwasiliana na wenzake ili ipite kwenye masharti ya Marekani ya Oktoba 2022 ya kuuza chipu China, nao wakabuni namna ya kuzunguka upungufu huo. Habari hizo ziliwashtua wawekezaji: tarehe 27 Januari 2025 Nvidia ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Jambo ambalo wengi hawakulitazama ni kwamba DeepSeek ililelewa na mfuko wa uwekezaji wa High-Flyer wa Hangzhou, wa mwanzilishi huyo huyo, Liang Wenfeng. Mtumbwi usio na wakala. Pengine ndiyo maana waliweza kuigawa R1 bure kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha.

Natengeneza huduma ya WhatsApp ya kuwapa wanunuzi bei za dagaa, kama ujumbe 500 kwa siku. Nijifunge na maabara ipi?
*Kijana wa programu, Igogo*

Usijifunge na yoyote. Anza na hesabu. Maabara hulipisha kwa tokeni, yaani vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka kwenye modeli. Chukua maelekezo tokeni 600, swali 100, jibu 200. Ujumbe 500 kwa siku 30 ni 15,000. Zinazoingia ni tokeni milioni 10.5, zinazotoka milioni 3. Kwa bei ya mfano ya dola 1 kwa milioni inayoingia na 5 kwa inayotoka, utalipa 10.5 na 15, jumla dola 25.5 kwa mwezi. Majibu ni machache lakini ndiyo yanayokula fedha, kwa hiyo iamuru modeli ijibu kwa sentensi mbili. Bili hupasuka pale unapoirudishia mazungumzo yote ya nyuma kila mara. Ipe jumbe nne za mwisho tu.

Usikadirie tokeni kwa mifano ya Kiingereza. Neno kama “yanaponunuliwa” hukatwa vipande vingi. Pima kwa ujumbe 100 halisi wa wateja wako, wenye vifupisho vyao.

Weka mawasiliano na maabara kwenye sehemu moja tu ya programu, maelekezo kwenye faili la pembeni, na taja toleo kamili la modeli, si “ya karibuni”. Maabara hustaafisha modeli, na toleo jipya linaweza kuanza kuchanganya gunia na debe bila kukuaga. Kwa sababu hiyo tunza maswali 100 yenye majibu sahihi, uyapitishe kila unapobadilisha kitu. Bei yenyewe itoke kwenye jedwali lako. Modeli isiachiwe kutaja namba kutoka kichwani mwake. Futa namba za simu kabla ya kutuma chochote nje ya nchi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023.

Uwe pia na modeli ya akiba kwenye kompyuta yako. Mistral 7B, ya maabara ya Paris, ina leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu hata matumizi ya biashara; ikibanwa kwa biti 4, yaani namba zake zikifupishwa ili zichukue nafasi ndogo, inachukua kama gigabaiti 4, hivyo kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 inaibeba bila jasho, ya gigabaiti 8 kwa taabu. Kiswahili chake ni dhaifu, ipe kazi ya kutambua mteja anauliza bei, usafiri au malalamiko, basi. Leseni zisome moja moja: Llama ya Meta hupakuliwa bure pia, lakini ina masharti yake. Ukitaka iliyolelewa na lugha zetu, jaribu InkubaLM ya Lelapa AI ya Afrika Kusini. Ina vigezo, yaani namba za ndani zinazobeba ilichojifunza, milioni 400 tu na Kiswahili ni moja ya lugha zake tano. Ni ndogo mno kuongea na wateja peke yake, ila kwa hiyo kazi ya kupanga ujumbe ipitishie maswali yako 100, uilinganishe na Mistral.