Goti linauma ila eksirei iko safi

Pole sana ndugu. Umesema goti linauma mwaka wa pili sasa, eksirei haionyeshi kitu halafu daktari anakuuliza tu "maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10". Hajakudharau, maumivu hayana kipimo cha damu, kipimo ni wewe mwenyewe. Ila namba peke yake haitoshi, ndo maana mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1975 akatoa dodoso la McGill la kupima maumivu, lenye maneno kabisa, linachoma, linapwita, linakata (kuchagua neno nako kazi!). We andika kila siku namba, usingizi, na kipi kimekushinda kufanya. Maumivu yakipita miezi 3 hata mishipa ya fahamu inaweza kuwa nyepesi kushtuka, kwa hiyo mazoezi ya kuongeza kidogokidogo yanasaidia kuliko kulala tu. Likivimba na homa juu, wahi hospitali.