Bosi akiondoka ghafla, soma tangazo kabla ya kugusa hisa

Wengi wanaoanza kununua hisa hudhani mtendaji mkuu akiondoka, bei lazima ianguke. Si lazima. Bei ya jana ilikwishabeba maoni ya soko juu ya kiongozi huyo. Kinachoisukuma leo ni kile ambacho soko halikukitazamia. Agosti 2013, Steve Ballmer alipotangaza kwamba angeondoka Microsoft ndani ya miezi 12, hisa zilipanda kama 7% siku hiyohiyo, maana wawekezaji wengi walishamchoka. Agosti 2011, Steve Jobs alipojiuzulu Apple, hisa zilishuka kama 5% baada ya soko kufungwa, lakini kesho yake zilimaliza siku zikiwa zimepungua chini ya 1%. Ugonjwa wake ulijulikana, na Tim Cook alikuwa ameshakaimu nafasi hiyo.

Kwa hiyo anza na tangazo lenyewe, si vichwa vya habari. Marekani, kampuni iliyoorodheshwa sokoni hupewa siku 4 za kazi kuwasilisha fomu 8-K, yaani taarifa rasmi ya matukio makubwa ya kampuni, na mabadiliko ya viongozi yamo kwenye kipengele 5.02. Tazama nani anashika kiti, kama ni kaimu au wa kudumu, na anaanza lini. Kisha tafuta jambo ambalo wanaoanza hulipita: makadirio ya faida ya kampuni yenyewe yamethibitishwa, yamepunguzwa, au hayakutajwa kabisa? Mei 13, 2025, UnitedHealth ilitangaza kuondoka kwa mtendaji mkuu wake, Andrew Witty, na papo hapo ikasitisha makadirio yake ya mwaka. Hisa zikaporomoka kama 18%. Ukiandika kwenye daftari lako kwamba ni kuondoka kwake tu kulikoziangusha, umekosea hesabu. Aya tatu za kumshukuru anayeondoka hazina uzito wa sentensi moja ya kuthibitisha makadirio.

Kwa maoni yangu, anayetisha zaidi akiondoka ghafla ni mkuu wa fedha, hasa wiki chache kabla ya hesabu za mwaka kutoka. Yeye ndiye anayezijua tarakimu kwa ndani. Na mkaguzi wa hesabu naye akibadilishwa kipindi hichohicho, usinunue mpaka hesabu zitoke.

Ukitaka kujua tangazo limefanya nini hasa, ondoa mwendo wa soko zima. Hisa imeshuka 6%, fahirisi ya soko (kipimo cha mwendo wa hisa kwa jumla) imeshuka 2%: takribani 4% ndiyo ya kampuni. Linganisha pia idadi ya hisa zilizouzwa na wastani wa siku 20 zilizopita. Bei iliyoshuka kwa mauzo haba haijasema mengi.

Wanaoanza huumia zaidi kwenye maagizo yao ya kuuza na kununua. Tuseme umeweka agizo la kuuza bei ikishuka hadi 95. Tangazo linatoka usiku, asubuhi hisa inafungua kwa 84. Agizo lako linaamka, linageuka la kuuza kwa bei yoyote iliyopo, nawe unatoka kwa 84 au chini yake, si 95. Agizo lenye bei ya kikomo halikuuzii chini ya bei uliyotaja, ingawa huenda lisitimie kabisa, ukabaki na hisa zako. Kama hulazimiki, acha soko lifanye kazi saa moja kwanza. Mwanzoni pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji huwa pana. Desemba 2, 2024, baada ya mtendaji mkuu Pat Gelsinger kuondoka Intel, hisa zilipanda asubuhi, na jioni zikafunga zimeshuka kidogo. Waliobaki kitini walikuwa makaimu wawili.

Hata bosi mpya akishangiliwa, usiihesabu faida ya siku ya kwanza kuwa yako. Robo mwaka yake ya kwanza au ya pili mara nyingi ndipo anapofuta kwenye vitabu vya hesabu mali zilizopoteza thamani na kushusha makadirio, wakati lawama bado inamwangukia mtangulizi wake.